Ndege tatu kwa tiketi moja: kisa cha mwanafunzi aliyesafiri peke yake kwa mara ya kwanza

Mwanafunzi wa kisa hiki alikuwa binti wa miaka 18, hajawahi kupanda ndege, na alikuwa amepata nafasi ya shahada ya kwanza katika chuo kilichoko mji mdogo wa majimbo ya kati ya Marekani. Mji huo una uwanja wake, ila unapokea ndege ndogo tu, nyingi zikitokea Chicago. Kwa hiyo ndege zilikuwa lazima ziwe tatu: ya kumtoa nchini kwao, ya kumvusha Atlantiki, na moja fupi ya kumfikisha.

Nyumbani hofu ilikuwa kwamba atapotea. Mama yake aliuliza zaidi ya mara moja kama kwenye viwanja hivyo kuna watu wa kumshika mkono. Huduma ya kusindikiza watoto wanaosafiri peke yao ni ya walio chini ya umri huo, na mashirika mengi hayaitoi kabisa pale safari inapokuwa na ndege ya kuunganisha. Lakini mimi niliyesaidia kuipanga safari hii sikuona kupotea kama tatizo la kutanguliza. Viwanja vikubwa vimejaa mabango na watu wa kuuliza. Anayejua kusoma na asiyeona haya kuuliza hapotei kwa muda mrefu. Mambo mawili ndiyo yaliyoweza kumkwamisha kweli: nani atawajibika naye endapo ndege moja itachelewa, na ni wapi hasa atavuka mpaka wa nchi. Yote mawili huamuliwa siku ya kununua tiketi. Akishafika uwanjani hana tena la kuamua.

Tarehe kabla ya bei

Mjomba ndiye aliyekuwa mlipaji, naye ni mtu wa kuona bei kwanza. Alikuwa amepata tiketi nafuu ya tarehe 9 Agosti. Tukaketi na fomu ya I-20, ile inayotolewa na chuo na inayobeba namba ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, tukaangalia tarehe ya kuanza masomo: 24 Agosti. Mwenye visa ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anayeingia kwa mara ya kwanza haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe hiyo. Kwa hesabu hiyo tarehe 9 ilikuwa halali kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye barua ya bweni: vyumba vinafunguliwa tarehe 18. Uhamiaji wangempokea, bweni lisingempokea, na siku tisa za hoteli zingemeza unafuu wote wa tiketi na kubaki na njaa.

Tukakubaliana afike tarehe 18, ambayo ni Jumanne. Siku ya kazi, maana ofisi ya wanafunzi wa kigeni inakuwa wazi na simu yake inapokelewa. Ukifika Jumamosi usiku na karatasi moja haieleweki, utakaa nayo hadi Jumatatu.

Tiketi zilizokataliwa

Ya kwanza ilikuwa nafuu kuliko zote, karibu theluthi chini ya iliyofuata. Tovuti ya kutafutia tiketi ilikuwa imebandika pamoja tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana, moja ikiishia Istanbul na nyingine ikianzia hapo hapo Istanbul. Kwenye skrini zilionekana kama safari moja yenye bei moja. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba abiria atajihamisha mwenyewe. Halafu ukisoma zile herufi tatu za viwanja ndipo unapoona kazi yenyewe: ndege ya kwanza inatua SAW, ya pili inaruka kutoka IST. SAW ni Sabiha Gökçen, upande wa Asia. IST ni uwanja mkubwa uliofunguliwa 2018, upande wa Ulaya. Kati yake kuna takriban kilomita 80 za barabara, na jiji la mamilioni ya watu limelala katikati. Angetakiwa kupita uhamiaji wa Uturuki, achukue sanduku lake, atafute gari, kisha aanze upya kwenye kaunta ya shirika ambalo halijui ametoka wapi. Mtego huu hauko Istanbul peke yake. New York ina JFK na LaGuardia, Tokyo ina Narita na Haneda, London ina Heathrow na Gatwick na vingine, na zipo tiketi zinazokurusha kutoka kimoja kwenda kingine kana kwamba ni mlango wa pili.

Hata kama uwanja ungekuwa mmoja, ningeikataa. Kwa tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, shirika la kwanza limetimiza wajibu wake: limekufikisha Istanbul. Shirika la pili linaona abiria asiyetokea, linafuta nafasi yake na mara nyingi safari yote iliyobaki. Msafiri mzoefu mwenye pesa za akiba anaweza kucheza mchezo huo. Mtoto wa miaka 18 anayepanda ndege kwa mara ya kwanza asichezeshwe.

Mjomba akaelewa, tena haraka kuliko nilivyotarajia, na usiku huo huo akanunua nyingine kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tiketi moja, namba moja ya nafasi, ndege nne: kupitia Brussels, kisha Frankfurt, kisha Chicago. Akatuma picha ya skrini na maneno, "Mwanangu, hii nimeikamata kabla haijapanda." Ilikuwa tiketi halali na nzuri kwa mtu mwenye pasipoti nyingine.

Brussels na Frankfurt zote ziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Ndege inayotoka Brussels kwenda Frankfurt inahesabiwa kama ya ndani, kwa hiyo mpaka unavukwa Brussels, pale pasipoti inapokaguliwa, na kuvuka huko kunadai visa ya Schengen kwa pasipoti kama ya binti huyu. Angepita uwanja mmoja tu wa Schengen, angebaki eneo la kimataifa bila kuvuka mpaka wowote. Watu wengi huchanganya hili na visa ya kupita uwanjani, ambayo ni kitu kingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 810 ya 2009 ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake huhitaji visa hiyo hata kama hawatoki nje ya uwanja, zikiwemo Ethiopia, Eritrea, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Ghana, na nchi moja moja za Ulaya huongeza nyingine kwenye orodha zao. Mwenye visa hai ya Marekani, Kanada au Japani husamehewa visa hiyo ya kupita. Hasamehewi ile ya kuingia. Kwa hiyo visa ya F-1 iliyobandikwa kwenye pasipoti yake ingemsaidia Frankfurt na isingemsaidia kitu Brussels.

Na asingefika hata huko Brussels. Wafanyakazi wa kaunta huingiza uraia wa abiria na njia yake kwenye Timatic, hifadhi ya masharti ya safari inayoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na jibu likiwa hapana hawakupi pasi ya kupandia, kwa kuwa shirika linalopeleka abiria asiye na hati hutozwa faini na kulazimika kumrudisha. Angerudi nyumbani na sanduku lake usiku ule ule.

Kilichotuokoa ni kanuni ya Marekani ambayo ingefaa ijulikane zaidi. Kwa safari za kwenda au kutoka nchi hiyo, tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku saba au zaidi kabla ya safari, shirika linatakiwa ama likushikie bei hiyo kwa saa 24 bila malipo, ama likuruhusu kufuta ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha zote. Mjomba alifuta kabla ya chakula cha mchana. Angeinunua kwa wakala wa mtandaoni, kanuni hiyo isingemhusu, na angebaki na masharti ya wakala.

Iliyonunuliwa

Ndege tatu, tiketi moja, uwanja mmoja wa Schengen. Kuondoka nyumbani saa 6:35 usiku, kufika Frankfurt asubuhi, kuondoka saa 4:45 asubuhi, kufika Chicago saa 7:10 mchana wa siku hiyo hiyo kwa saa za huko. Kutoka hapo shirika lilikuwa na ndege ya saa 8:35 mchana, ya saa 11:40 jioni na ya saa 3:15 usiku. Mfumo wenyewe ulipendekeza ya saa 8:35, maana saa moja na dakika 25 ilitosha kufikia muda wa chini wa kuunganisha uliowekwa kwa uwanja huo.

Muda wa chini wa kuunganisha ni kipimo cha kuuzia tiketi. Unasema kwamba mambo yakienda sawa, inawezekana. Hausemi lolote kuhusu mtu ambaye hajawahi kuona uwanja wa aina ile, na anayepaswa kuhojiwa na afisa wa uhamiaji katikati ya safari. Maana Marekani haina kupita tu. Yeyote anayetua kutoka nje, hata kama anaunganisha, anapita uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaogusa, isipokuwa ametokea viwanja vichache vyenye maafisa wa Marekani upande wa kuondokea, kama Dublin na Abu Dhabi. Pale O'Hare, uwanja wa Chicago, anayetoka Frankfurt anashukia jengo la tano, anapiga foleni ya uhamiaji, anachukua sanduku, anapita forodha, anakabidhi sanduku tena kwenye kaunta iliyo nje ya mlango wa forodha, anapanda treni ndogo ya uwanjani kwenda jengo la ndege za ndani, anakaguliwa upya mwili na begi, ndipo anatafuta geti. Nalo geti hufungwa dakika 15 hivi kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi. Tukachukua ya saa 11:40, tukaiacha ya saa 3:15 usiku iwe akiba iwapo ya pili itaharibika. Aliyechukua ya mwisho ya siku hana akiba.

Tarehe kwenye tiketi ilisomeka 18 Agosti, 00:35. Familia nzima ilikuwa inajiandaa kumsindikiza Jumanne usiku. Saa 6:35 usiku ya tarehe 18 ni usiku wa kuamkia Jumanne. Uwanjani wanatakiwa wawe Jumatatu, kabla ya saa nne usiku. Nilimwomba mama aandike kwenye kalenda "Jumatatu, baada ya chakula cha jioni" na tarehe 18 aisahau. Wanaokosa ndege kwa sababu hii ni wengi kuliko wanaopotea viwanjani, hilo naweza kubishana nalo na yeyote.

Sanduku, na karatasi ya pande mbili

Sehemu iliyochukua muda mrefu kumweleza ilikuwa sanduku. Kaunta ya nyumbani hubandika lebo yenye herufi tatu za uwanja wa mwisho na namba ya tarakimu kumi, na mhudumu atasema, kwa ukweli kabisa, kwamba mzigo "unafika mpaka mwisho". Binti akauliza: kama unafika mpaka mwisho, kwa nini niuchukue Chicago? Jibu ni kwamba lebo inaonyesha mzigo unakokwenda, nayo forodha ya Marekani inataka kila abiria apite mbele yake na mzigo wake mkononi. Frankfurt hauchukui. Chicago unauchukua, unaupitisha, unaukabidhi tena na lebo ile ile, bila kuandikisha upya. Tukamfanya apige picha ya lebo kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda, na kile kipande kidogo kinachobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia asikitupe. Kwa kuwa tiketi ilikuwa moja, kiwango cha mzigo kilikuwa kimoja kwa ndege zote tatu. Kwa zile tiketi mbili za Istanbul kila shirika lingepima kwa mizani yake.

I-20 ilikaa kwenye begi la mkononi, pamoja na pasipoti, risiti ya ada ya SEVIS ya dola 350, barua ya kukubaliwa na karatasi za benki. Mantiki ni nyepesi: afisa wa uhamiaji anakutana nawe kabla hujalifikia sanduku lako. Mwanafunzi akikosa I-20, afisa anaweza kumpa fomu ya I-515A, inayomruhusu kuingia kwa siku 30 ili akamilishe hati, lakini hiyo ni huruma ya kisheria ambayo haifai kuipangia. Saini yake kwenye I-20 tuliikagua pia. Ilikuwa bado haijawekwa.

Vingine nilivipitia haraka naye, na hapa pia navipita haraka. Pawabenki kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku, na isizidi saa-wati 100 (ile ya mAh 20,000 ni karibu 74). Vimiminika chupa zisizozidi mililita 100, kwa sababu akitokea nje ya Ulaya atakaguliwa tena Frankfurt. Nguo za kubadilisha mara moja na dawa zake, mkononi. Kama pasi yake ya kupandia itachapwa herufi SSSS, asishtuke, ni ukaguzi wa ziada tu.

Karatasi ndiyo tuliyoifanyia kazi kweli. Moja, pande mbili, imechapwa, kwa kuwa simu huzima. Mbele: namba ya nafasi ya herufi sita, namba ya tiketi ya tarakimu 13, muda wa kila ndege kwa saa za mahali husika, anwani kamili ya bweni, maana afisa ataiuliza, namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ya dawati la bweni la usiku. Nyuma kulikuwa na maneno haya, ambayo dada yake aliyaandika kwa mkono wake baada ya kubishana na mimi juu ya sentensi ya mwisho:

"Ukikuta ndege imefutwa au imekuacha: usitoke nje ya eneo la ukaguzi kabla hujajua umepangiwa nini. Fungua programu ya shirika. Simama foleni ya kaunta hata kama programu imekujibu. Nipigie. Baada ya saa tatu usiku hakuna kusafiri tena, tafuta pa kulala."

Mimi niliona ndege ya saa 3:15 usiku isizuiliwe kwa dakika kumi na tano. Yeye alisema akifika saa tano usiku kwenye uwanja mdogo usio na teksi, tutakuwa tumemhamishia tatizo mahali pabaya zaidi. Nikakubali, kwa kuwa yeye ndiye angekuwa kwenye simu.

Jumanne yenyewe

Frankfurt ilipita bila habari. Alituma picha ya bango lenye herufi Z, akauliza kama ni hilo. Ndilo: magetini mwa jengo la kwanza, Z iko ghorofa ya juu ya A, na huondoshea ndege zinazokwenda nje ya Schengen. Kabla ya geti wafanyakazi wa shirika walimkagua tena pasipoti, visa na I-20. Alikuwa na saa mbili za ziada, akalala kwenye kiti na mkanda wa begi umezungushwa mkononi.

Chicago ilikuwa na mvua ya radi. Agosti ni mwezi wake. Radi zikikaribia uwanja, wafanyakazi wa nje huondolewa na ndege husimamishwa pale zilipo. Zilizo angani huzungushwa zikisubiri. Ndege yake ilitua saa 9:05 alasiri badala ya 7:10, ikakaa chini muda mrefu ikisubiri nafasi ya kuegesha. Ile ya saa 8:35 tuliyoikataa isingemfaa kitu.

Kisha akanyamaza. Kwenye ukumbi wa uhamiaji simu haziruhusiwi, na hilo tulikuwa tumemwambia mama mapema, kwamba akishatua kutakuwa na kimya cha saa moja au mbili na kimya hicho ni cha kawaida. Mama alikuwa macho, ilikuwa usiku wa manane kwao, na anakiri kwamba kujua hakukumsaidia sana. Afisa alimuuliza anasoma nini, nani analipa, anakaa wapi, akachukua alama za vidole, akampitisha. Sanduku likapatikana, likapita forodha, likakabidhiwa. Saa 11:10 jioni alikuwa getini, akihema. Ubao ukabadilika mbele ya macho yake: safari imefutwa.

Angalia tofauti inayoletwa na tiketi moja hapa. Kabla hajafika mwanzo wa foleni ya kaunta, programu ya simu ilikuwa imeshampangia ndege ya saa 3:10 asubuhi ya Jumatano, bure. Foleni ilimpa jambo jingine ambalo programu haikulisema: nafasi kwenye orodha ya kusubiri ya saa 3:15 usiku, akiwa mtu wa kumi na kitu kwa ndege ya viti hamsini iliyokwisha jaa. Hapo sentensi ya dada ikafanya kazi. Hakusubiri.

Hoteli hakulipiwa. Kwa hali ya hewa, sheria ya Marekani hailazimishi shirika kulipa malazi. Mashirika yenyewe yameahidi kufanya hivyo pale sababu inapokuwa mikononi mwao, kama hitilafu ya ndege. Mjomba alikuwa amesoma kuhusu kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004, inayodai chakula na malazi hata katika hali ya hewa mbaya, akauliza kama Frankfurt haiwezi kutumika kudai. Haiwezi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Februari 2022 kwamba safari ya tiketi moja inayoanzia nje ya Ulaya na kuishia nje ya Ulaya, ikiunganisha tu katikati, haimo ndani ya kanuni hiyo. Tiketi moja ile ile iliyomlinda Chicago ndiyo iliyomtoa kwenye ulinzi huo. Kwa mwanafunzi bado biashara hiyo ina faida.

Palipovuja

Mpango ulikuwa na hoteli. Tulikuwa tumeichagua mapema, iliyo ndani ya eneo la uwanja, na tulikuwa tumepiga simu kuuliza umri, maana hoteli nyingi za Marekani hazipokei mgeni aliye chini ya miaka 21, na hii ilipokea kuanzia 18. Alikuwa na kadi ya benki yenye fedha. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe.

Akabonyeza. Benki ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yake ya nyumbani, na laini hiyo alikuwa ameiacha kwa mama ili isifungwe. Mama alikuwa macho na simu yake mkononi, lakini laini ya binti ilikuwa kwenye kisimu kingine, ndani ya droo, kimezimwa. Kufikia kimewashwa namba ya kwanza ilikuwa imeisha muda. Ya pili ikafika wakati binti ametoka kwenye waifai ya uwanja akitafuta soketi ya kuchajia. Ya tatu benki haikutuma. Ilizuia kadi kwa manunuzi ya mtandaoni. Vyumba vilivyoonekana kwenye skrini vilikuwa vinapungua, kwa sababu watu mamia walikuwa kwenye hali hiyo hiyo.

Dada ndiye aliyelimaliza. Akamwambia: "Acha simu mdogo wangu. Nenda kwa miguu mpaka mapokezi, weka kadi kwenye mashine, ingiza namba yako ya siri." Kadi iliyokataliwa mtandaoni ilikubaliwa kaunta, kwani pale inathibitishwa kwa chipu na namba ya siri na haisubiri ujumbe wowote. Akapata chumba. Sanduku lake hakuwa nalo. Lilikuwa tayari mikononi mwa shirika, na kulidai lirudishwe usiku ule kungechukua saa. Nguo za mkononi zikatosha.

Nikiipanga upya safari kama hii, jambo hili lingekaa juu ya mengine yote kwenye karatasi: kabla ya kuondoka, jaribu kununua kitu kidogo mtandaoni huku laini ya nyumbani imezimwa, uone benki inafanya nini. Baadhi ya benki hukubali uthibitisho uhamie kwenye programu yao ya simu, ambayo hufanya kazi kwa waifai, lakini kuihamisha hutaka uwe na laini ile ile mkononi, kwa hiyo hufanywa ungali nyumbani. Laini ya Marekani ningempa ya kidijitali, iliyowekwa kwenye simu kabla ya safari, ili asitegemee waifai ya uwanja wakati anatembea.

Sheria ya saa tatu usiku nimeitafakari zaidi. Ndege ya saa 3:15 iliondoka ikiwa imechelewa, na baadhi ya waliosubiri walipata viti. Angeweza kuwa miongoni mwao, na angefika kitandani kwake bila gharama ya hoteli. Bado naona dada alikuwa sahihi kwa safari ya kwanza, na kwa safari ya pili ningemwachia binti aamue mwenyewe.

Jumatano alifika saa nne na nusu asubuhi. Sanduku lilikuwa limemtangulia kwa ndege ya usiku, limefungiwa kwenye ofisi ya mizigo, akalipata kwa kuonyesha kile kipande cha lebo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa wazi na ikaandikisha kuwasili kwake siku hiyo hiyo.

Kilichobaki ni bima ya safari, ambayo ililipia ucheleweshaji uliozidi saa sita. Kampuni ya bima haikukubali picha ya ubao wa uwanjani; ilitaka barua ya shirika inayotaja namba ya ndege, tarehe na sababu ya kufutwa. Barua hiyo huombwa kupitia fomu kwenye tovuti ya shirika, kwa namba ya tiketi ya tarakimu 13, na ilikuja baada ya siku chache. Hoteli ikalipwa. Chakula hakikulipwa, kwa sababu risiti zake hakuzitunza.